Kontena la Walio Hai

Jina la nchi yenyewe tuliache, maana lilibadilishwa kila alipoteuliwa Waziri mpya wa Utamaduni, na aliyekuwepo wakati huo alikuwa bado hajaamua. Inatosha kusema kwamba ilikuwa nchi ya amani, yenye milima mizuri na Wizara ya Kesho. Wizara hiyo ilisimamia mambo yote ya kisasa, na mwananchi aliyefika pale na shida yake aliambiwa kwa heshima zote kwamba jina la wizara ndilo jibu lake.

Humo wizarani alifanya kazi mwanamke aitwaye Skolastika Mhagale, mwandishi wa programu za kompyuta. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Imelda. Mezani kwake hapakuwa na picha ya Rais, jambo lililomchelewesha kupandishwa cheo, lakini palikuwa na Ladislaus Kihwele, aliyekaa upande wa pili wa meza hiyo hiyo tangu siku waliyoajiriwa. Ladislaus ndiye aliyekuwa baba wa ubatizo wa Imelda. Skolastika alipofiwa na mumewe, Ladislaus ndiye aliyeshughulikia jeneza, maturubai na wageni, kisha akabaki kuosha sufuria ndugu wa marehemu walipokwisha kuondoka. Mtu wa namna hiyo humfichi kitu. Skolastika hakumficha hata neno la siri la kompyuta yake.

Wakati huo nchi nzima ilitegemea programu moja kubwa iliyoitwa Mfumo Mkuu. Vizazi, vifo, ndoa, pensheni na leseni za baiskeli, vyote vilikuwa ndani yake, vimeshikana kama tambi zilizopoa. Kimoja kikiugua, vyote vinalala. Siku moja mwananchi aitwaye Ng'wandu aliomba leseni ya baiskeli, na ile alama ndogo iliyo juu ya jina lake ikaukwamisha mfumo mzima. Ndoa zikasimama nchi nzima, hata ya bibi harusi mmoja aliyekwisha kufika madhabahuni. Serikali haikulala. Jioni ile ile ilipiga marufuku watu kuitwa Ng'wandu.

"Tuukate," Skolastika alimwambia Ladislaus. "Kila kazi iwe huduma ndogo inayojitegemea. Vizazi peke yake, vifo peke yake, baiskeli peke yake. Kila huduma tuifunge kwenye kontena lake."

Kontena alilosema si lile la chuma la bandarini. Ni namna ya kuifunga programu pamoja na kila inachohitaji, kama msafiri aliyebeba chakula chake na kijiko chake asimsumbue mwenyeji. Makontena hayo wangeyapanga kwenye kundi la kompyuta zao wenyewe, papo hapo wizarani, na juu yake wangeweka programu ya msimamizi. Kontena likianguka, msimamizi anainua lingine. Na kwa usalama zaidi, kila huduma ingekuwa na nakala tatu, moja ikilemewa nyingine zipokee.

"Skola, ukifanikisha hili watakujengea sanamu," alisema Ladislaus.

"Tukifanikisha," alimsahihisha.

Wakapewa stoo ya zamani ya makarai, wakaokota kompyuta zilizokataliwa na idara nyingine, wakazipangusa vumbi na kuziunganisha. Walikula mihogo ya kuchoma juu ya katoni, wakagombana juu ya feni, wakacheka. Huduma moja baada ya nyingine ilipandishwa kwenye lile kundi na ikasimama. Siku Huduma ya Vifo ilipoongea kwa mara ya kwanza na Huduma ya Walio Hai, Ladislaus alimkumbatia Skolastika, na wote wawili walilia kidogo bila kuoneana haya.

Kanuni ya mazungumzo hayo aliiandika Skolastika mwenyewe, kwa makini kuliko kitu chochote alichowahi kuandika. Kabla ya kusema mtu amefariki, Vifo lazima iwaulize Walio Hai. Wasipojibu, Vifo ingoje. Iendelee kungoja, hata ikibidi kungoja hadi asubuhi, lakini isimzike mtu kwa sababu tu hakuna aliyepokea simu.

Baada ya hapo, kazi ilikwenda kwa Waziri.

Waziri wa Kesho alikuwa Mheshimiwa Profesa Pontiano Lukwembe. Uprofesa wake ulikuwa wa nini hakuna aliyejua, maana kuuliza kulihesabiwa kuwa ukosefu wa elimu. Alisikiliza maelezo yao macho ameyafumba, akayafumbua aliposikia neno moja.

"Huduma ndogondogo?" aliuliza. "Taifa lenye ziwa kubwa, mlima mkubwa na bendera kubwa kuliko zote katika kanda hii, nyinyi mnataka nimpelekee Mheshimiwa Rais huduma ndogo?"

"Mheshimiwa, udogo ndio nguvu yake," Skolastika alijaribu.

"Udogo haujawahi kuwa nguvu ya chochote, mama. Tangu leo zitaitwa Huduma Kubwakubwa. Na hayo makontena yako wapi? Sijayaona uwanjani."

Skolastika akaeleza tena, polepole, habari ya kijiko na msafiri. Waziri akatikisa kichwa kwa kuelewa. Baada ya muda mfupi malori yalishusha makontena ya chuma katika ua wa wizara, yamepakwa rangi za bendera, kila moja na pazia mlangoni. Ndani hamkuwa na kompyuta wala waya. Mlikuwa na Mkurugenzi.

Kila huduma ilipewa Mkurugenzi wake, Naibu wake, dereva na kapeti. Wakurugenzi waliiva kwa joto humo ndani kama mikate, lakini hawakutoka, kwa kuogopa kwamba mwingine angeingia. Na kwa kuwa hawakuwa na kazi, waliitafuta. Mkurugenzi wa Walio Hai, kanali mstaafu aitwaye Mbegani, aliposikia kwamba huduma yake inaulizwa maswali na Huduma ya Vifo, ambayo Mkurugenzi wake alikuwa chini yake kwa cheo, alikuja stoo amefura.

"Huyo bwana mdogo wa Vifo ananiuliza mimi kwa idhini ya nani?"

"Mkuu, si yeye anayeuliza. Ni programu," alisema Skolastika.

"Programu ya nani?"

Ikabidi Ladislaus aweke kitufe cha RUHUSU, ili huduma yoyote isiijibu nyingine kabla Mkurugenzi hajabonyeza. Jibu lililokuwa likija kufumba na kufumbua, sasa lilingoja Kanali amalize chai.

"Vumilia," Ladislaus alimwambia Skolastika. "Tukubali hili leo, mfumo usimame. Mengine tutayarekebisha."

Akakubali. Wakaja na wakaguzi. Hao walihesabu huduma zilizokuwa kwenye kundi, wakazilinganisha na Wakurugenzi waliokuwa uani, wakashtuka. Kwa kila Mkurugenzi mmoja palikuwa na huduma tatu zenye jina moja na kazi moja!

"Hizi mbili za ziada zinamfanyia kazi nani?" aliuliza mkaguzi mkuu.

"Zinasubiri. Ya kwanza ikizidiwa, zinasaidia."

"Kwa hiyo zipo, ila hazifanyi kazi." Mkaguzi akawageukia wenzake kwa uso wa mtu aliyekamata mwizi. "Huduma hewa."

Magazeti ya kesho yake yaliandika kwa herufi nene kwamba Wizara ya Kesho ilikuwa imefuga huduma hewa. Waziri akaamuru zifutwe zote, ibaki moja moja. Skolastika alikataa kuweka mkono wake. Alikwenda nyumbani amevimba kwa hasira, na aliporudi asubuhi akakuta zimefutwa. Ladislaus alikuwa kwenye kiti chake, anapuliza chai.

"Ningefanyaje, Skola? Wangetufukuza sote wawili, wakampa mtu asiyejua hata kuiwasha kompyuta. Bora tubaki ndani."

Alisema kwa upole, kama alivyosema siku ile ya msiba. Skolastika akaona ana hoja. Hicho ndicho kilichomchoma zaidi alipokuja kukumbuka baadaye, kwamba alimshukuru.

Siku ya uzinduzi ua ulijaa. Palikuwa na hema la viongozi, matarumbeta, na skrini kubwa kama ukuta wa kanisa. Rais alikuja. Watumishi walikuwa wameagizwa kupiga makofi kila skrini itakapotoa jibu, na walifanyishwa mazoezi.

"Ndugu wananchi," Waziri alinguruma, "mataifa mengine yamekwenda mwezini. Wamekuta nini huko? Vumbi! Sisi tumekwenda ndani ya kontena, na humo tumekuta maendeleo!"

Makofi. Akaitwa bibi mmoja mshona vikapu, Bibi Tausi, aliyeteuliwa kuwa mwananchi wa kwanza kuhudumiwa. Jina lake likaandikwa. Wakati huo huo, kote nchini, watu walioambiwa kwa redio kwamba mfumo umefunguliwa waliingia wote kwa pamoja kutafuta majina yao. Nakala moja iliyobaki ya Huduma ya Walio Hai ikalemewa, ikaanguka. Msimamizi akainua nyingine. Nayo ikaanguka. Huduma ya Vifo ikauliza swali lake, haikujibiwa.

Skolastika, aliyesimama nyuma ya hema, hakuogopa. Alijua Vifo itangoja.

Skrini ikawaka: AMEFARIKI. SERIKALI INATOA POLE KWA WAFIWA.

Watumishi wakapiga makofi.

"Nani, mimi?" aliuliza Bibi Tausi.

Waziri akacheka kicheko cha uongozi, akasema bibi huyo huenda aliandikishwa vibaya huko kwao, akaagiza liandikwe jina lake yeye mwenyewe. AMEFARIKI. Makofi. Likaandikwa la Kanali Mbegani. Makofi. Kufikia adhuhuri wananchi wote walikuwa marehemu, isipokuwa Rais, ambaye hakuwa amewahi kuingizwa kwenye daftari lolote. Kumuuliza mtu kama yeye alizaliwa lini kungeonekana ni utovu wa nidhamu, hivyo kiserikali hakuwa amezaliwa, wala hakuwa na njia ya kufa.

Skolastika alikimbia stoo. Alifungua kanuni aliyoiandika, akaitafuta ile sehemu ya kungoja. Haikuwepo. Mahali pake paliandikwa kwamba wasipojibu upesi, mtu ahesabiwe amefariki. Na pembeni, mahali mfumo unapoonyesha nani alibadilisha, palikuwa na jina lake yeye.

Ladislaus aliingia anahema. Alimwona anachokitazama, akafunga mlango.

"Ladi, nani kaandika hivi?"

Alikaa juu ya karai lililosahaulika pale. "Mimi."

"Kwa jina langu?"

"Jana kwenye mazoezi jibu lilikuwa linachelewa. Kanali habonyezi. Waziri amesimama mgongoni kwangu, anasema Rais hawezi kusimama juani akisubiri mashine. Wewe ulikuwa umemfuata Imelda shule. Kompyuta yako ndiyo iliyokuwa karibu." Akajishika kichwa. "Nilijua wangejibu tu, Skola. Sikudhani wataanguka."

"Wameanguka kwa sababu wako peke yao. Ulifuta wenzao."

"Najua."

Nje matarumbeta yalikuwa yanaendelea, maana hakuna aliyewaambia wapigaji waache.

"Wataunda tume," alisema Ladislaus. "Nitasimama mwenyewe niseme. Nakuapia kwa jina la Imelda. Wewe usiongee neno, utaonekana unajitetea. Niachie mimi."

Alimwamini. Angeamini nini kingine?

Kuirekebisha ile kanuni kungekuwa kazi ya kumaliza kikombe kimoja cha kahawa, na Skolastika aliomba ruhusa siku hiyo hiyo. Waziri alikataa. Kwanza, alisema, huo ulikuwa ushahidi. Pili, takwimu zilikuwa zimeanza kuja, na zilikuwa nzuri. Ukosefu wa ajira ulikuwa umefika sifuri, kwa kuwa marehemu hatafuti kazi. Foleni za hospitali zilikwisha. Walimu waliotaka kugoma waliambiwa kwamba sheria haitambui mgomo wa marehemu. Kodi peke yake haikuguswa, kwani ilikuwa kwenye kontena lingine, lililofanya kazi vizuri sana.

"Wananchi wasiwe na hofu," Waziri alisema redioni. "Tumefariki kimfumo tu. Kila mtu aendelee na shughuli zake akiwa hivyo hivyo."

Lakini mkosaji alipaswa kupatikana, na tume ikaundwa. Ikakwama siku ya kwanza. Mwanasheria wa Serikali alieleza kwamba marehemu hawezi kushtakiwa. Ikabidi Rais, ambaye peke yake alikuwa na mkono unaotambulika, atie saini amri ya kumfufua Skolastika Mhagale ili aadhibiwe. Kwa hiyo akawa mwananchi pekee aliye hai katika nchi ile. Asubuhi ya kwenda kwenye tume, binti yake Imelda, ambaye kisheria alikuwa marehemu, alimwandalia mama yake chai na kumnyooshea kola.

"Baba Ladi atasema?" aliuliza.

"Atasema."

Ladislaus alipanda kizimbani katika suti ambayo Skolastika hakuwahi kuiona. Mwenyekiti wa tume akamuuliza ni nani aliyeibadilisha kanuni ya Huduma ya Vifo. Skolastika alimtazama kwa utulivu, akamtikisia kichwa kidogo, kama anavyotiwa moyo mtoto anayekwenda kusoma somo kanisani.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema Ladislaus, "mimi ni mtu wa nyaya. Naunganisha, nawasha feni. Mambo ya kanuni alikuwa anayashika mwenyewe. Hakupenda mtu aguse."

Skolastika alidhani hakusikia vizuri.

"Ulipata kuona dalili zozote?" aliuliza Mwenyekiti.

"Tangu afiwe na mumewe hakuwa sawa. Vifo vilimkaa sana kichwani." Sauti yake ilitetemeka, na kilichomuumiza Skolastika ni kwamba ilitetemeka kweli. "Mimi ndiye niliyemzika shemeji. Nilijitahidi kumsaidia. Naumia kuyasema haya."

Wajumbe walipangusa macho. Skolastika alisimama aseme. Angeweza kueleza habari ya kanuni, ya nakala, ya neno la siri. Lakini ule mkono uliosugua sufuria nyumbani kwake, angeueleza vipi kwa wajumbe? Akakaa.

Alifukuzwa kazi na kukatazwa kugusa kompyuta maisha yake yote, adhabu ambayo tume iliieleza kuwa ni nzito kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyekuwa na maisha. Ladislaus aliteuliwa kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Huduma Kubwakubwa zote.

Mambo yangebaki hivyo kama viongozi wasingesafiri. Waziri alikwenda ng'ambo kwenye kongamano la mafanikio ya kidijitali, kuhutubia. Uwanja wa ndege wa huko ulitazama pasipoti yake, ukamtia ndani ya jeneza na kumrudisha kama mzigo wa kubebwa kwa uangalifu. Baada ya safari hiyo serikali iliona kwamba kuwa hai kuna manufaa kwa ngazi za juu. Ikatangaza kanuni za ufufuo. Mwombaji alitakiwa aletwe mbele ya karani na shahidi aliye hai, anayemfahamu. Aliyefufuliwa angekuwa hai kwa matazamio kwanza, na katika kipindi hicho asingeruhusiwa kumshuhudia mwingine. Na ambaye shahidi angemkana, asingefufuliwa kamwe.

Shahidi aliye hai alikuwa mmoja tu. Wakamfuata nyumbani kwa gari, wakamweka ndani ya lile kontena la chuma la Walio Hai, wakampa kiti. Waziri alitangulia.

"Unamfahamu mtu huyu?" karani aliuliza.

"Namfahamu," alisema Skolastika. "Namfahamu vizuri sana."

Akamshuhudia Waziri. Akamshuhudia Kanali, na Bibi Tausi, na binti yake, na jirani, na yule Ng'wandu wa baiskeli, aliyelia kwa kusikia jina lake likitamkwa tena hadharani. Hakumkatalia mtu. Hata alipoletwa mkaguzi mkuu, Skolastika alimwambia karani kwamba anamjua, ni mtu anayejua kuhesabu.

Kisha akaingia Ladislaus. Uteuzi wake ulikuwa haujathibitishwa, maana marehemu haapishwi. Nyuma yake mlango ulikuwa wazi, na foleni yote ilikuwa inaona ndani. Waziri, hai kwa matazamio, alikuwa amekaa kwenye kochi pembeni anakunywa soda.

"Skola," alisema kwa sauti ya chini. "Mama Imelda. Najua una hasira."

"Sina hasira. Nataka kitu kimoja. Sema nani alibadilisha ile kanuni."

"Unajua ni mimi."

"Mimi najua. Waambie hawa."

Ladislaus aligeuka akaitazama foleni. Kisha akamtazama Waziri, aliyekuwa ameacha kunywa. Jasho lilimtiririka Ladislaus hadi kwenye kola ya suti yake mpya. Skolastika alingoja. Alijikuta anamwombea kimoyomoyo, kwa nguvu, aseme tu, hata kwa kunong'ona, na wangetoka humo wakatafute mihogo.

"Yale yamekwisha, Skola," alisema Ladislaus hatimaye, akilazimisha tabasamu. "Tusonge mbele."

Karani alichovya muhuri kwenye wino. "Shahidi, unamfahamu mtu huyu?"

Skolastika alimtazama usoni kwa muda mrefu, mpaka watu wa nyuma wakaanza kusukumana.

"Hapana," alisema. "Nilikuwa na rafiki. Wanafanana tu."

Karani akagonga muhuri.

"Anayefuata."